Daftari la kituo kwanza, akili mnemba baadaye

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wasomaji, na zaidi na wale wanaopanga bajeti ya afya, kuhusu jambo ambalo siku hizi halikosekani kwenye warsha yoyote: sayansi ya data, akili mnemba, droni (ndege ndogo zisizo na rubani) na vipimo vya vinasaba katika utafiti wa afya ya jamii. Sisi tunafanya kazi ya takwimu za afya kisiwani Pemba. Teknolojia hizi tunazitumia na tunazitaka. Kinachotusumbua ni kwamba fedha na hamasa nyingi zinamiminwa mwisho wa kazi, kwenye ramani ya rangi na modeli ya kompyuta, na kidogo mno hufika mwanzo wake, pale nesi anapoandika jina la shehia, yaani eneo dogo kabisa la utawala hapa Zanzibar, na umri wa mgonjwa. Utafiti mwingi unaharibikia hapo, na hakuna modeli inayoweza kuuponya baadaye.

Zanzibar haikuanza jana. Tangu 2008 vituo vya afya vilianza kutuma idadi ya wagonjwa wa malaria kila wiki kwa simu ya kawaida, na kuanzia 2012 programu ya Coconut ikaweka taarifa ya kila mgonjwa kwenye kishikwambi cha ofisa wa malaria wa wilaya. Mtu akipimwa kituoni na akakutwa na vimelea, kituo kinatuma ujumbe. Ofisa anapita kituoni kuchukua maelezo, kisha anakwenda mpaka nyumbani, anapima waliomo, anauliza nani alisafiri na nani alilala ndani ya chandarua, na anachukua nukta ya nyumba kwenye ramani. Kwa mtafiti hayo ni mabadiliko makubwa. Zamani tulikuwa na jumla ya mwezi kwa kila kituo. Sasa tuna mgonjwa mmoja mmoja, pamoja na safari yake na nyumba yake, na tunaweza kuuliza kama ugonjwa umeingia na boti au umezaliwa hapa hapa.

Swali hilo la safari ndilo lililowafanya watafiti kuchambua rekodi za simu za wateja 770,369 wa kampuni ya simu ya Zantel, zisizo na majina, za Oktoba hadi Disemba 2008. Matokeo yalitoka 2009. Ilionekana kwamba wengi wanaosafiri huenda Dar es Salaam kwa siku chache, na kwamba hatari ya kuleta vimelea iko zaidi kwa kundi dogo linalokaa muda mrefu au kufika maeneo ya bara yenye malaria nyingi. Kwa mpango wa kutokomeza malaria hiyo ni taarifa ya thamani, kwani inaonesha nani wa kumfikia kwanza. Lakini simu haijui umri wa anayeibeba. Mtoto anayepelekwa likizo kwa bibi yake Tanga hana laini. Anayebadilisha laini akishuka bandarini huonekana ametoweka. Anayekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, na kuiacha simu nyumbani huonekana hakutoka. Data ni nyingi sana, na bado kuna watu ambao hawamo ndani yake hata kidogo. Wingi wa waliomo hauwaingizi wasiokuwemo.

Sasa turudi kwenye daftari. Kizimbani iko Wete, Pemba, na Kizimbani nyingine iko upande wa Magharibi, Unguja. Kinyasini vivyo hivyo: moja Wete, moja Kaskazini A. Kuna Kiuyu Mbuyuni ya Micheweni, na kuna Kiuyu Minungwini na Kiuyu Kigongoni za Wete. Mgonjwa anaulizwa "unatoka wapi?" anajibu "Kiuyu", na mwandishi anaandika "Kiuyu". Kwa wawili wale waliokuwepo chumbani, jibu linaeleweka. Kwa kompyuta, mgonjwa huyo ana shehia tatu katika wilaya mbili. Programu za kulinganisha majina huchagua jina linalofanana zaidi kwa herufi, na zikikosa kuchagua huiacha rekodi nje. Njia zote mbili zina madhara. Ya kwanza inahamisha ugonjwa, ya pili inaufuta, na inaufuta zaidi katika shehia zenye majina ya kufanana, si kwa bahati nasibu. Mchambuzi aliye mbali, ambaye hajawahi kufika Wete, hana namna ya kulitambua kosa hilo. Anaona tu asilimia fulani ya rekodi "hazikulingana" na anaendelea na kazi.

Ongeza kwamba mipaka yenyewe haikai. Baina ya sensa ya 2012 na ya 2022 Wilaya ya Magharibi iligawiwa kuwa Magharibi A na Magharibi B, na shehia kadhaa nazo zimegawika. Mtu akichora mwenendo wa miaka kumi bila kuliona hilo, atapata shehia ambayo ugonjwa "umepungua nusu" kwa sababu nusu ya watu wake wamehamishiwa jina jingine. Dawa yake inajulikana na ni rahisi: kila shehia iwe na namba yake ya kudumu, namba ambayo haitumiki tena shehia ikigawiwa, na pembeni yake tarehe ilipoanza na tarehe ilipokoma. Kwenye kishikwambi mwandishi asiandike jina, achague wilaya kwanza, halafu shehia kutoka kwenye orodha ya wilaya hiyo tu.

Nukta za ramani nazo zina makosa yake. Chake Chake iko kama nyuzi 5.2 kusini ya ikweta na nyuzi 39.8 mashariki. Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ikidondoka wakati wa kuhamisha jedwali, nyumba ya Chake Chake inahamia kusini mwa Ethiopia. Nguzo mbili za jedwali, ya kusini na ya mashariki, zikibadilishana nafasi, inatua Hispania. Makosa ya aina hii ni mepesi kuyakamata, kwani nukta iliyo nje ya mipaka ya Zanzibar inakataliwa papo hapo ikiwa programu imeagizwa kufanya hivyo. Yaliyo magumu ni madogo. Tarakimu ya nne baada ya nukta ya desimali ni kama mita 11 ardhini. Ukiandika mbili tu umeshapoteza zaidi ya kilomita moja, yaani umetoka kitongoji hiki umeingia kingine. Chini ya mikarafuu minene au ndani ya nyumba ya bati, kishikwambi hupokea satelaiti kwa shida na nukta huruka. Mfanyakazi atoke uwanjani, asubiri mpaka kifaa kioneshe kosa lililo chini ya mita 10, ndipo ahifadhi. Anayelipwa kwa idadi ya nyumba hatasubiri, na hilo ni kosa la aliyepanga malipo.

Umri tuutaje kwa ufupi. Hesabu watu wa miaka 23 hadi 62, kati yao hesabu wale wenye umri unaoishia na 0 au 5, gawa idadi yao kwa moja ya tano ya wote, zidisha kwa 100. Ikija karibu na 100, umri umeandikwa vizuri. Ikifika 500, kila mtu amekisiwa. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya uchambuzi wowote unaotegemea umri. Pia itazamwe tarehe ya 1 Januari: wanaozaliwa siku hiyo wakizidi mno siku nyingine, ujue programu ilidai tarehe kamili na mwandishi hakuwa nayo. Programu iruhusu mwaka peke yake. Kulazimisha kunazaa uongo.

Tunakuja kwenye namba ya kugawia, yaani idadi ya watu wote ambayo wagonjwa au waliochanjwa hugawiwa kwayo, na ambayo wengi huisahau. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Aliyekadiria idadi ya 2022 kwa kasi ya ukuaji ya asilimia 2.8 kwa mwaka, ile ya muongo uliotangulia, alipata kama 1,718,000. Sensa ya 2022 ikatoa 1,889,773. Pengo ni zaidi ya watu 170,000, na maana yake ni kwamba kiwango cha chanjo au cha ugonjwa kilichopigwa kwa makadirio hayo kilikuwa juu ya ukweli kwa takriban asilimia 10. Hapo bado hatujagusa ukweli kwamba ukuaji haukuwa sawa kila wilaya. Ndiyo maana huonekana kituo chenye chanjo ya asilimia 120 na jirani yake asilimia 70: watoto wamekwenda kituo kilicho karibu na barabara, na makadirio yamewaacha kwao. Modeli ikilishwa namba hizo itajifunza kwamba kituo cha pili ni kibovu, na wafanyakazi wake watalaumiwa bure.

Kalenda nayo. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi, na saa za watu kwenda kituoni hubadilika pamoja nayo. Msimu wa karafuu unaleta wachumaji Pemba na kuwatoa tena. Modeli ya kutabiri mripuko, iliyofunzwa kwa miezi ya Januari hadi Disemba peke yake, itaona upungufu wa mahudhurio ya asubuhi na kuuita nafuu ya ugonjwa. Anayejenga modeli kwa ajili ya visiwa hivi aingize mwezi wa Hijria, msimu wa karafuu, masika na vuli kama nguzo za data zake. Ni kazi ya saa moja, lakini hufanywa tu na mwenye kujua kwamba inahitajika.

Juu ya akili mnemba tunaomba msomaji avumilie hesabu moja, kwani tunaiona ni muhimu kuliko yote katika barua hii. Chukua mashine inayopatia 95 kati ya 100, kwa wagonjwa na kwa wazima. Inasikika vizuri mno. Ipeleke kwenye jamii ya watu 10,000 ambayo ugonjwa uko kwa asilimia moja. Wagonjwa ni 100, na mashine itawakamata 95. Wazima ni 9,900, na asilimia tano yao, yaani 495, itawaita wagonjwa. Kwa hiyo walioambiwa "unaumwa" ni 590, na wanaoumwa kweli ni 95. Katika kila watu sita walioambiwa wanaumwa, watano ni wazima. Mashine ile ile, katika jamii ambayo nusu wanaumwa, majibu yake ya "unaumwa" yangekuwa sahihi mara 95 kwa 100. Mashine haikubadilika, kilichobadilika ni pahala. Zanzibar imekaa miaka mingi na malaria chini ya asilimia moja kwa wastani, na kwa hiyo tangazo la "usahihi wa asilimia 95" lililopimwa kwengine halitutoshi. Muuzaji aulizwe imepimwa wapi, ugonjwa ukiwa kiasi gani, na kwa sampuli za nani.

Kichocho kinaonesha jambo hilo kwa karibu. Mradi wa ZEST, uliofanywa Unguja na Pemba kuanzia 2011 hadi 2017, ulilinganisha njia za kukikomesha: dawa ya praziquantel peke yake, dawa pamoja na kuua konokono, na dawa pamoja na kubadilisha tabia. Ugonjwa ulipungua sana lakini ukabaki katika madoa madoa. Hapo ndipo kamera za hadubini zenye kuhesabu mayai ya kichocho zinaweza kutusaidia, kwani fundi wa maabara huchoka akitazama slaidi tupu kutwa nzima. Ila slaidi inatokana na mkojo, na mkojo una kanuni zake. Uchukuliwe baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Chupa itikiswe kabla ya kuvuta mililita 10, kwani mayai huzama chini. Asiyetikisa anachuja maji ya juu na kuandika sifuri. Mayai 50 au zaidi katika mililita 10 ni maambukizo mazito. Kamera haitajua kwamba chupa haikutikiswa. Na ikiwa ilifunzwa kwa picha za mahali penye mayai mengi, nyuzi za pamba, viputo vya hewa na chembe za chumvi zitahesabiwa mayai. Kabla ya kifaa kama hicho kutumika katika skuli za Micheweni au Mkoani, kisome kwanza slaidi za hapa hapa Pemba zilizokwisha somwa na mafundi wawili kila mmoja peke yake, nyingi zikiwa tupu, na matokeo yatangazwe.

Vinasaba vimetupa uwezo ambao kipimo cha haraka cha malaria hakina. Kipimo cha haraka hukosa mtu mwenye vimelea vichache, na pia huweza kuendelea kuonesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa sababu kinatafuta protini iliyobaki kwenye damu. PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya vimelea, huona vimelea vichache zaidi, na kusoma vinasaba kunaonesha undugu wa vimelea vya visiwani na vya mwambao wa bara. Yote hayo yanategemea tone la damu kwenye karatasi. Likauke kabisa kabla ya kufungwa, kila karatasi iwe kwenye mfuko wake, na ndani yake pakiti ya kunyonya unyevu, ibadilishwe inapogeuka rangi. Wakati wa masika hewa ya Pemba inaloa, na karatasi iliyofungwa mbichi huota ukungu. Baadhi ya sampuli zinazoitwa "hazina vimelea" huenda ni sampuli zilizooza.

Droni tunazipenda, na kazi iliyofanywa na Mradi wa Ramani ya Zanzibar kuanzia 2016 ni fahari yetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth pamoja na mpango wa malaria wa Zanzibar walionesha mwaka 2017 kwamba droni ya bei nafuu inaweza kupiga picha bonde la mpunga la hekta 30 kwa dakika 20. Picha huonesha maji, haioneshi viluwiluwi. Lazima mtu aingie bondeni na kata ya kuchotea maji, achote na kuhesabu. Na viluwiluwi hukua na kuwa mbu kwa muda wa wiki moja hadi mbili; picha zikisubiri mwezi mzima kuchakatwa, ramani inayokuja ni ya mbu waliokwisha ruka.

Kwa anayeuliza kama usafi wa rekodi una thamani hiyo yote, Pemba ina jibu lake. Utafiti wa kuwapa watoto wa mwezi 1 hadi 35 madini ya chuma na foliki ulifanywa kisiwani hapa, na matokeo ya watoto 24,076 yalichapishwa 2006. Wengi walitarajia faida. Ilionekana kwamba waliopewa chuma walikuwa na hatari ya kufa au kulazwa iliyozidi kwa asilimia 12, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa 2003. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari juu ya kuwapa chuma watoto wote bila kuchagua katika nchi zenye malaria nyingi. Fikiri kama rekodi moja kati ya kumi ingechanganywa, mtoto wa kundi hili akaandikwa la kule. Asilimia 12 ingesomeka tisa na nusu, na tofauti hiyo ingekuwa vigumu kuitenganisha na bahati. Watoto duniani wanalindwa leo kwa sababu watu wa Pemba waliandika namba sawasawa kwenye karatasi.

Siri ya mgonjwa haitoshi kulindwa kwa kufuta jina. Katika shehia ndogo, "mwanamke wa miaka 41 aliyejifungua pacha mwezi wa Machi" ni mtu mmoja, na jirani zake wote wanamjua. Data zinazotoka nje ya ofisi zitolewe kwa makundi ya umri, nukta za nyumba zisogezwe au zibadilishwe kuwa shehia, na kisanduku cha jedwali chenye watu chini ya watano kisichapwe. Hili linahusu zaidi mipango kama Jamii ni Afya, ambapo wahudumu wa jamii wanaingiza kwenye simu mambo ya ndani ya nyumba za watu. Akina mama wanaeleza kwa sababu wanamwamini mhudumu aliyekaa nao barazani. Uaminifu huo ukivunjika mara moja, data zitakazofuata zitakuwa za kujibu ili mhudumu aondoke.

Tunaomba mambo machache, Mhariri. Wizara ya Afya pamoja na ofisi ya takwimu wachapishe orodha moja ya shehia yenye namba za kudumu na tarehe, iwe wazi kwa kila mtafiti. Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, inapopitia maombi ya utafiti unaotumia akili mnemba, idai matokeo ya majaribio kwa sampuli za Unguja na Pemba kabla ya kuruhusu, na idai pia kwamba mchambuzi mmoja angalau awe mtu wa hapa anayeweza kuifungua modeli na kuirekebisha mradi ukiisha. Kila mradi wa data utenge fungu la kumlipa mwandishi wa kumbukumbu katika kituo, kwani hivi sasa kazi hiyo anabebeshwa nesi huyo huyo mwenye foleni mlangoni. Na kila mwezi kituo kirejeshewe karatasi moja: rekodi ngapi walituma, ngapi zilikataliwa, na kwa sababu gani, ili mwezi unaofuata nesi ajue kwamba "Kiuyu" peke yake haikutosha.

Wafanyakazi wa takwimu za afya,
Chake Chake, Pemba